Naomba ushauri: Pip katubu au kafilisika tu?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasomesha tuisheni ya jioni hapa Wete, na kitabu kimenishinda. Tunasoma Great Expectations ya Charles Dickens, iliyotoka kwa mfululizo mwaka 1860 na 1861. Pip, yatima aliyelelewa na dada yake na mumewe Joe, mhunzi, anapata fedha za ghafla na kuhamia London. Joe anapokwenda kumtazama, anamwita "bwana", kofia inamwanguka kila akiiweka kwenye rafu ya juu ya meko, na Pip anaona haya.

Hapo darasa lilinyamaza. Kila mtu anamjua kijana wa Unguja aliyejifanya hamjui ami yake alipoteremka bandarini Malindi na pakacha la shokishoki.

Ugomvi ulikuja baadaye. Pip anagundua mfadhili wake ni Magwitch, mfungwa. Mwanzo anamchukia, mwisho anamshika mkono mpaka roho inatoka. Mimi nikasema kakua. Binti mmoja, mkali huyo, akanijibu: "Mwalimu, kafilisika tu. Angebaki na fedha, angemkumbuka Joe?" Nikamwambia Pip alikataa fedha za Magwitch kabla serikali haijazitwaa. Hakuridhika, na wallahi hata mimi nikababaika.

Mliowahi kuisomesha, mnajibuje? Na jengine: Dickens aliandika mwisho ambao Pip na Estella, msichana anayempenda, wanaachana, akaubadilisha kwa ushauri wa rafiki. Niwape yote miwili? Tunakutana tena Jumatatu.