Mtaa unampokeaje mgeni ambaye kila mtu anajua kwamba ataondoka?

MgeniWaKikombo:
Habari zenu, ndugu zangu wa Dodoma. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miezi saba sasa. Mume wangu ni askari wa JWTZ, na mapema mwaka huu alipata uhamisho kutoka Songea. Kota zilikuwa zimejaa, kwa hiyo tumepanga uraiani, upande wa Kikombo, katika mtaa ambao nyumba nyingi ni mpya lakini wenyeji wenyewe bado wapo, na mashamba yao ya uwele na mtama yanaanzia pale ukuta wetu unapoishia. Tuna watoto wawili, mmoja yuko darasa la tano na mwingine darasa la pili.

Hakuna aliyetufanyia ubaya wowote, na ningependa hilo lieleweke. Ninachokiona ni umbali. Nikifika bombani, mazungumzo yanapungua. Nikisalimia, naitikiwa kwa adabu, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Mwenye duka huniita "mke wa mjeda", na najua hana nia mbaya, lakini baada ya miezi saba natamani kuitwa kwa jina la mwanangu kama wanavyoitwa kina mama wengine. Mume wangu akiwa kazini nje ya mkoa, zinaweza kupita wiki sita ambapo mtu mzima pekee ninayezungumza naye kwa utulivu ni dada yangu, tena kwa simu.

Mwezi uliopita ulitokea msiba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilikwenda na bahasha, nikamkabidhi mwandishi wa michango, nikakaa mkekani kama robo saa, kisha nikaondoka kwa sababu sikumjua mtu hata mmoja. Tangu siku hiyo salamu zimezidi kuwa fupi, nami nahisi nilikosea bila kujua ni wapi hasa. Naomba mnieleze. Tena mniambie kwa ukweli kama kuna maana ya kuanza ujirani, ilhali sisi na wao tunafahamu kwamba baada ya miaka michache barua ya uhamisho itakuja.

MzaliwaWaMvumi:
Dada, pole, na karibu sana Dodoma, hata kama karibu hii imekufikia ikiwa imechelewa. Nianze na msiba, kwa sababu hapo ndipo jibu lako lilipo. Bahasha yako ilipokelewa na jina lako limeandikwa daftarini, hakuna anayelalamikia hilo. Lakini kwetu mchango wa mwanamke jirani ni mikono yake. Anakwenda nyuma ya nyumba, kwenye mafiga, anauliza kilichobaki kufanywa, anakalishwa kwenye beseni la vyombo au anapewa fungu la mboga achambue, na saa mbili za kuchambua mboga zinatosha kila aliyepo kujua anaitwa nani, ametoka wapi na ana watoto wangapi. Wewe ulikaa upande wa wageni wa heshima, ukaondoka kama mgeni wa heshima, na watu wakakuchukulia hivyo hivyo ulivyojionyesha.

Sasa naomba uelewe na upande wetu, kwa sababu umbali unaouona haukuanza na familia yako. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, na kwa miaka mingi ulikuwa wa kwenye karatasi zaidi kuliko ardhini. Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, vijiji vya Ihumwa, Mtumba na Kikombo vilijikuta ndani ya mji kabla watu wake hawajajiandaa. Baba yangu mdogo alikuwa na shamba la uwele ambalo babu alilifyeka kwa mikono yake. Leo pale pana viwanja vilivyopimwa, na fidia aliyopata ilitosha bati za nyumba na baiskeli moja. Hamchukii mtu. Ila kila anapoona geti jipya likifungwa saa kumi na mbili jioni, anakumbuka kwamba mahali hapo alikuwa akipita bila kubisha hodi. Anayeishi ndani ya geti hilo hajamkosea chochote, lakini salamu yake inapita kwenye kumbukumbu hiyo kwanza.

Nakiri pia kwamba sisi wenyeji tuna kosa. Zamani aliyehamia alifuatwa nyumbani kwake siku ile ile, akapelekewa maji na moto. Siku hizi tunasubiri yeye atufuate, tukijiambia kwamba watu wa jeshi wana utaratibu wao na pengine hawapendi kubishiwa hodi.

Nikuulize jambo moja: je, wewe au mumeo mna asili ya Iringa?

MtotoWaKota:
Shikamoo dada. Mimi nimekulia kwenye familia ya askari na nimesoma shule nne za msingi, kwa hiyo naomba niwasemee watoto wako.

Mtoto anayehama hujifunza mapema kutokuzoeana na watu, na wazazi huliita jambo hilo utulivu. Nilipofika shule ya tatu, nikiwa darasa la tano kama mwanao, nilikuwa nimeshaamua kutomtafuta rafiki yeyote. Kilichonibadilisha ni kitu kidogo sana. Mwalimu wa darasa hakunisimamisha mbele nijitambulishe, jambo ambalo nililiogopa kuliko mtihani. Alinikalisha dawati moja na mvulana ambaye kwao palikuwa njiani kuelekea kambini, akamwambia awe ananipitia asubuhi. Mvulana yule alikuwa na kawaida ya kubeba ubuyu mfukoni, akawa ananipa nusu kila tukipita chini ya mbuyu uliokuwa karibu na korongo, bila maneno mengi. Tulikaa pale miaka miwili tu. Hadi leo mama yake akinipigia simu ananiita mwanangu, na nilipooa alileta mkeka aliousuka mwenyewe.

Kwa hiyo naomba uende shuleni umwone mwalimu wa darasa, usisubiri kikao cha wazazi. Mweleze kwamba baba huwa hayupo kwa wiki kadhaa, kwa sababu mwalimu asiyejua hilo anaweza kudhani mtoto ni mzembe au mkaidi. Mwombe amkalishe mwanao na mtoto anayeishi mtaa wenu. Watoto wakianza kuingiliana, akina mama watafuata, hata kama ni kwa kutafutana magharibi giza likiingia.

MwalimuMstaafuKongwa:
Nimesoma yote kwa makini. Ninakubaliana na mengi, ila sipendi mgeni aachiwe mzigo mzima wa kujipokea mwenyewe.

Huku kwetu Kongwa tumewahi kupokea wageni wa aina hiyo hasa. Kuanzia mwaka 1964 walikuja wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, na baadaye wa ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na vyama vingine, wakaweka kambi katika eneo lililoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza. Walikuwa askari, hawakujua Kigogo, na tangu siku ya kwanza kila mtu alielewa kwamba walikuja ili siku moja waondoke. Hata hivyo walinunua na kuuza sokoni, walicheza mpira na vijana wetu, na wapo waliozaa hapa. Kwa hiyo sijaona bado ukweli katika hoja kwamba atakayeondoka hawezi kuwa jirani.

Ushauri wangu ni kwa viongozi wa mitaa yenye familia za askari na watumishi. Mgeni anapopeleka barua ya utambulisho, mwenyekiti hupiga muhuri, na mambo huishia hapo. Ingefaa siku hiyo hiyo mjumbe ampeleke nyumba tano za jirani, aonyeshwe zamu za maji, aelezwe michango ya msiba inavyokwenda, na kina mama wamweleze kama kikoba chao kina nafasi. Kazi hiyo haimalizi hata nusu siku. Wengi wa hawa wageni wanatoka mikoa yenye mvua mbili au mvua ndefu, hawajui kwamba hapa tunategemea msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwamba jirani aliyenyamaza mwezi wa Novemba huenda anawaza ghala lake.

MgeniWaKikombo:
Nawashukuru wote kwa heshima. Mzaliwa wa Mvumi, umejuaje? Mume wangu ni Mhehe wa Kilolo.

MzaliwaWaMvumi:
Basi dada, mlango mnao na hamjaufungua! Wagogo na Wahehe ni watani tangu enzi za mababu waliopigana. Mumeo akirudi, apite kijiweni kwa wazee awaambie kwao ni wapi, kisha aache wamtukane hadi wachoke. Msiba ukitokea, mtani ana haki ya kuzuia jeneza hadi alipwe, na hakuna atakayemwita mjeda siku hiyo.

MgeniWaKikombo:
Narudi baada ya wiki tatu kuwapa taarifa. Nilikwenda kwa yule mama aliyefiwa, nikamwomba radhi kwa kuondoka mapema, nikamweleza kwamba nilikuwa sijui utaratibu. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama najua kupika mlenda. Nilipomwambia kwamba wa kwetu tunapika ukiwa mbichi, aliingia ndani akatoka na mlenda mkavu uliosagwa, ameufunga kwenye kipande cha kanga, akanielekeza magadi kiasi gani, na kwamba nisifunike sufuria ukianza kuchemka. Wa kwanza ulimwagika jikoni kote kwa sababu nilifunika. Jana alikuja mwenyewe kuonja wa pili, akaketi hadi saa moja usiku, na alipokuwa akitoka alimuuliza mwanangu mkubwa anaitwa nani.