Naombeni ushauri: niliamuru tuta (penalti) lirudiwe, sasa fainali imekatiwa rufaa

Filimbi_Moja: Wakuu, nilichezesha fainali ya ndondo Jumapili. Dakika 90 ziliisha 1-1, tukaenda matuta. Timu A walishinda shilingi. B walikosa tuta lao la tatu. A hawakukosa hadi la tano, nikaamuru lirudiwe maana kipa wa B alitoka mstarini kabla mpira haujapigwa. Likarudiwa, likaingia, A mabingwa 5-4. Rufaa inasikilizwa Jumamosi. Kipa akiwahi kutoka, si linarudiwa? Usingizi sipati.

Mita11: Linarudiwa, ila si kila mara. Mpira unapopigwa, kipa awe na walau sehemu ya mguu mmoja ikigusa mstari wa goli, usawa wake au nyuma yake. Akikiuka kisha akaokoa, rudia. Likiingia, ni goli. Tuta la awali liliishia wapi?

Kibendera: Kinachowapiga chenga waamuzi wengi siku hizi ni mguso wa pili. Machi 2025 goli la Julián Álvarez wa Atlético Madrid dhidi ya Real Madrid lilifutwa kwa kosa hilo. Juni IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka, wakafafanua: mpigaji akigusa mara mbili kwa bahati mbaya na mpira ukaingia, tuta lirudiwe. Usipoingia, limekosa. Lisomeni.

Filimbi_Moja: Kipa alitoka hatua nzima, uwanja mzima umeona. Nikampa na njano.

Mita11: Mkuu, mpira uliishia wapi?

Filimbi_Moja: Uligonga nguzo ukatoka nje. Kipa hakuugusa. Lakini alimyumbisha mpigaji! Kwenye ripoti nimeshaanza kuandika kwamba aliuparaza kwa ncha ya glavu. Kamera haikuwepo.

Mita11: Hapo ndipo penye kosa. Mpira ukipaa au ukigonga nguzo au mtambaa panya bila kipa kuugusa, tuta halirudiwi, isipokuwa kitendo cha kipa kimemwathiri mpigaji waziwazi. Hatua moja mbele peke yake haitoshi. Na njano uliiwahi: kosa la kwanza la kipa ni onyo, la pili ndiyo njano.

Mama_Ligi: Mwanangu, hiyo glavu ifute. Kukosea kutafsiri sheria kunasameheka, kughushi ripoti hakusameheki. Wasaidizi wako nao wataulizwa.

Hesabu_Kali: Uzi wa kutunga huu. A wakianza, baada ya matuta manne kila upande ni 4-3. A wakifunga la tano ni 5-3, B hawawezi kufikia, matuta yamekwisha. Hiyo 5-4 imetoka wapi?

Filimbi_Moja: Sijasema A walianza. Walishinda shilingi wakachagua kupiga wa pili. B walishamaliza matano, wamepata manne.

Hesabu_Kali: Sawa, inakubali. Mshindi wa shilingi huchagua kupiga wa kwanza au wa pili. Shilingi nyingine ni ya kuamua goli la kupigia. Basi uzito umeongezeka: tuta lile lingebaki limekosa, mngekuwa 4-4, mnaingia la sita, moja moja, kwa wachezaji ambao hawajapiga.

Filimbi_Moja: Lakini uamuzi wa refa si wa mwisho?

Mita11: Kwa alichokiona, ndiyo: kama kipa alitoka, kama mpigaji aliathirika. Kutumia sheria vibaya ni jambo jingine. Mwaka 2005 Uzbekistan iliifunga Bahrain 1-0 kwenye mchujo wa Kombe la Dunia. Wauzbeki walifunga penalti, mwenzao akawa ameingia eneo la hatari mapema. Refa akawapa Bahrain mpira wa adhabu badala ya kurudia penalti. FIFA ikaamuru mechi irudiwe, ikaisha 1-1, marudiano 0-0, Bahrain ikapita kwa goli la ugenini. Kikao chako kitaangalia kanuni za mashindano yenu.

Filimbi_Moja: Nikiandika ukweli wananifungia.

Mama_Ligi: Huenda. Andika hivyo hivyo.

Mita11: Andika: tuta la tano la A, jezi ya mpigaji, miguu ya kipa ilikuwa wapi, mpira uligonga nguzo ipi, kipa hakugusa, ulichoamuru na kwa nini. Kuathirika kwa mpigaji kuandike tu ikiwa ulikuona pale pale: alisita, alibadili hatua? Hicho ulikiona?

Filimbi_Moja: Hapana. Alipiga moja kwa moja.