Ulinganisho: Unknown Pleasures au Closer? Naletewa santuri moja tu

Mwana_Reli_Iyunga
Wakuu, habari za jioni. Kuna ndugu yangu anarudi kutoka Uingereza mwezi huu. Begi lake limeshajaa, ila kasema santuri moja haikosi pa kukaa, na jina la albamu analitaka kabla ya Ijumaa. Joy Division, wale Waingereza wa Manchester, ndiyo bendi yangu tangu niko darasa la sita. Nimekwama kati ya Unknown Pleasures ya 1979 na Closer ya 1980. Albamu za studio walikamilisha hizo mbili tu, na mimi napata moja. Ipi inafaa zaidi kuwa nayo kwenye santuri? Natanguliza shukrani.

FundiSpika_Mafiati
Mkuu, swali lako lina mapengo. Mashine ya kupigia unayo? Ya aina gani? Sindano yake nzima? Unapitishia amplifaya au sabufa ya sebuleni? Na hiyo santuri ni mpya au mtumba? Hujasema hata moja, halafu unataka tuchague.

Dada_wa_Tukuyu
Unknown Pleasures, na hapo sirudi nyuma. Ile albamu imerekodiwa Strawberry, studio ya Stockport, chini ya mtayarishaji Martin Hannett, na huyo mtu alikuwa na masikio ya ajabu. Alimfanya Stephen Morris apige ngoma moja moja, kila ngoma peke yake, ili sauti zisiingiliane. Ndiyo maana ukisikiliza unaona kama kila chombo kiko chumba chake na milango yote iko wazi. Halafu besi ya Peter Hook. Amplifaya yake ya mwanzo ilikuwa dhaifu, akipiga nyuzi za chini hajisikii, akapanda juu ya shingo ya gitaa akabaki hukohuko. Kwenye simu hupati hayo. Kwenye santuri unaipata besi inaimba kama mtu wa tano.

Kamwene_Ifunda
Kamwene wakuu. Mimi nasema Closer. Wimbo wa kwanza tu, Hook na Bernard Sumner wamebadilishana vyombo, mwenye besi kashika gitaa na mwenye gitaa kashika besi. Nyimbo mbili za mwisho sijawahi kuzisikiliza nikiwa nafanya kazi nyingine. Nakaa chini.

Mwana_Reli_Iyunga
Asanteni. Ngoja nieleze nilikotoka nayo, labda mtanielewa. Mjomba wangu alikuwa TAZARA, anapanda na kushuka hadi Kapiri Mposhi. 1994 akaja na kanda ya dakika 90 ya kurekodi, juu imeandikwa JD kwa kalamu nyekundu, basi. Upande A Unknown Pleasures, upande B Closer. Majina ya nyimbo sikuyajua, niliyapanga kwa namba. Redio kaseti yetu ilikuwa inakula betri, kwa hiyo kurudisha nyuma nilizungusha kwa kalamu ya Bic.

Sasa Closer ina dakika 44 na sekunde kadhaa, na upande mmoja wa kanda ni dakika 45. Aliyerekodi alichelewa kidogo kuanza. Wimbo wa tisa ulikuwa unakatika kinanda kikiwa bado kinapanda, tii, kimya, kitufe kinaruka. Miaka 17 niliamini wimbo unaishia hapo. 2011 nikaingia intaneti kafe Mwanjelwa, nikavaa hedifoni, nikafika pale pa kukatika na muziki ukaendelea. Nilitokwa na machozi mbele za watu.

FundiSpika_Mafiati
Simulizi imenigusa, kaka. Lakini mashine bado hujaitaja.

Mzee_Makambako
Wanangu, kabla ya albamu ipi, uliza inafikaje. Mwaka 2017 niliagiza Unknown Pleasures ya mtumba kwa muuzaji wa Dar, jina namsitiri. Alinitumia picha, santuri nyeusi inang'aa, kava ile yenye mistari myeupe ya milimamilima. (Wengi hudhani ni milima kweli. Ni mawimbi ya redio ya nyota iitwayo CP 1919, mbunifu Peter Saville ndiye aliyeiweka kwenye kava.) Nikalipa. Akaikabidhi kwa basi kama kifurushi cha kawaida, bahasha na boksi la viatu lililopasuliwa likatandazwa. Wakaisukuma kwenye buti, nyuma kabisa, jirani na injini, juu yake magunia. Joto la Dar, joto la Morogoro, halafu kupanda Kitonga injini inaunguruma.

Nilikwenda kuichukua usiku, na boksi lilikuwa la moto mkononi. Nyumbani nikaiweka juu ya meza ya kioo, nikapiga magoti niitazame kwa ubavu. Ukingo mmoja umenyanyuka kama ungo ulioloweshwa ukakaukia juani. Nikaipiga hivyo hivyo. Kila mzunguko sindano inapanda kilima na kushuka, sauti inavutika kama redio inayoishiwa betri. Muuzaji akasema yeye aliituma nzima. Watu wa basi wakanionyesha risiti: mzigo kwa dhamana ya mwenyewe. Jirani akanishauri niibane kati ya vioo viwili nianike. Nikaianika, na hapo ndipo nilipoimaliza.

Kwa hiyo ndugu yako aibebe mkononi kutoka Dar. Isimame wima, isilazwe chini ya mzigo, isiachwe dirishani. Akifika Makambako apumzike kwangu, baridi yetu haijawahi kupinda santuri.

Tunduma_Kwetu
Poleni mzee wangu. Mimi nina neno tofauti. Mwana_Reli, mjomba wako alikuwa anapita katikati ya muziki mkubwa kuliko wote na akakuletea wa Manchester! Zambia ya miaka ya 70 ilikuwa na Zamrock, yaani roki ya Kizambia. Bendi ya WITCH, na Jagari Chanda mbele, walitoa Introduction 1972 na Lazy Bones!! 1975, mwaka ambao reli yetu ilikuwa inakamilika. Amanaz, Ngozi Family, Rikki Ililonga. Gitaa lenye vumbi, mashairi ya watu walioona bei ya shaba inaanguka na maisha yanabadilika. Hayo ndiyo mambo yaleyale unayoyapenda kwa hao Waingereza, viwanda kufungwa na mji kuwa mweusi, ila haya yametokea ng'ambo ya mpaka. Lazy Bones imeshachapwa upya. Mwambie ndugu yako akuletee hiyo.

Dada_wa_Tukuyu
Tunduma_Kwetu, WITCH nawapenda na ninao, lakini mtu kauliza kati ya viwili. Huwezi kumwendea anayechagua kati ya mchele wa Kyela na wa Mbarali ukampa viazi.

Tunduma_Kwetu
Viazi vya Uporoto vina kosa gani? Naeleza tu kwamba ukaribu una maana yake.

Kijana_wa_Iyunga
Shikamooni wakubwa. Mbona hamwataji New Order? Ian Curtis, mwimbaji wa Joy Division, alipofariki Mei 1980, waliobaki watatu waliendelea kwa jina hilo, wakamwongeza Gillian Gilbert. Power, Corruption & Lies ya 1983 inachezeka na bado ina huzuni ile ile. Na pia, wimbo wao maarufu wa Joy Division, Love Will Tear Us Apart, haupo kwenye albamu yoyote kati ya hizo mbili. Upo kwenye Substance, mkusanyiko wa 1988. Santuri moja, akili inasema Substance.

Mzee_Makambako
Marahaba mwanangu. Hapo umenena. Mkusanyiko hauna aibu.

Dada_wa_Tukuyu
Mzee wangu kwa heshima, sikubali. Hannett alipanga albamu kama safari. Unknown Pleasures hata pande hawakuziita A na B, waliandika Outside na Inside. Mkusanyiko unavunja hayo yote.

Kamwene_Ifunda
Narudi, na nabadilisha kura yangu. Nimeisikiliza Unknown Pleasures leo asubuhi kwa sababu yenu. Mdogo wangu ana kifafa. Kijijini kwetu amesemwa kila aina ya neno, karogwa, asile chombo kimoja na wenzake. Wimbo wa sita, ule unaofungua upande wa pili, Ian Curtis alimwandika dada aliyekutana naye kazini. Curtis alifanya kazi ofisi ya ajira Macclesfield, akiwatafutia kazi watu wenye ulemavu, na huyo dada alikuwa anaanguka. Baadaye akafariki. Kisha Curtis mwenyewe akaanza kuanguka kifafa, tena jukwaani. Alikuwa na miaka 23 tu alipokufa. Closer imetoka Julai, yeye kafariki tangu Mei. Naiheshimu, lakini mle ndani namsikia mtu anayeaga. Kwenye ile ya kwanza namsikia mtu aliyemwona mgonjwa akamwandika kama binadamu. Kwangu hiyo ndiyo ya kukaa nayo nyumbani.

Mwana_Reli_Iyunga
Kamwene, pole kwa mdogo wako, na ndaga fijo kwa kuniambia. Nilikuwa nimeshaegemea Closer kwa ajili ya ule mwisho uliokatika. Sasa umenirudisha nilikotoka.

FundiSpika, samahani sana. Mashine sina. Nilifikiri nipate santuri kwanza, mashine itafuata.

FundiSpika_Mafiati
Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta tangu juzi! Hakuna ubaya, wengi tumeanza hivyo. Ila kanda ya mjomba iko wapi?

Mwana_Reli_Iyunga
Ninayo. Iko kabatini kwenye kopo la maziwa. Sijaipiga tangu redio ilipokufa.

FundiSpika_Mafiati
Usiipige popote. Kile kisponji kidogo kinachosukuma utepe kitakuwa kimebanduka, na ukiiweka kwenye redio yoyote ya mtaani itatafunwa. Nina deki ya kaseti nimeibadilisha mkanda wa mpira mwezi uliopita, hedi nimeisafisha kwa spiriti. Njoo Mafiati Jumamosi baada ya saa nane.

Dada_wa_Tukuyu
Jumamosi nami nipo Mbeya. Naomba niisikie hiyo kanda, upande A.

Mwana_Reli_Iyunga
Karibu dada. Ndugu yangu kanipigia sasa hivi anauliza jina, nimemwomba hadi kesho asubuhi.

Tunduma_Kwetu
Kuna anayevuka Nakonde wiki hii? Natafuta kanda za Paul Ngozi wa Ngozi Family, hata zilizochoka.