Kikundi cha bustani kimetukatalia dodoso, tumebakiwa na wiki 9. Tufanyeje?

Shina_Moja (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Tuko wanafunzi watano, tuna mradi wa muhula mmoja kuhusu mifumo endelevu ya chakula mtaani. Chuo kimetukutanisha na kikundi kinacholima bustani ya pamoja: mboga wanagawana, zinazobaki wanauza. Muhula una wiki 14, ya tano imeisha, na mkononi hatuna kitu.

Tulikwenda na dodoso la maswali 62. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima, alivaa miwani, akalipokea, akafungua moja kwa moja ukurasa wa mwisho. Akauliza, "Na hili la 62 likishajibiwa, mnarudi lini?" Tukabaki tunatazamana. Wala hakukasirika. Alitupeleka nyuma ya banda akatuonyesha pipa la kutengenezea mboji waliloachiwa na wanafunzi wa miaka ya nyuma. Mpini wa kulizungushia umevunjika. Siku hizi wanahifadhia mipira ya kumwagilia.

Shida zao ni mbili. Rundo la mboji linanuka mpaka majirani wanalalamika, na kuna wiki mboga zinakomaa zote kwa mpigo, zinaozea kwenye matuta. Msimamizi wetu naye anataka takwimu. Wenzangu wawili wanasema tujaze dodoso wenyewe tumalize. Nishaurini.

Kauka_Nikuvae
Hao wawili waambie wakome kabla hawajafukuzwa chuo. Mengine wajuzi wanakuja.

Mama_Mboji
Mwanangu, anza na harufu, maana hiyo ndiyo inayowagombanisha na majirani. Inanukaje? Ikiwasha pua kama mkojo uliolala, mabichi yamezidi. Ikinuka yai viza, rundo limelowa na halipati hewa. Kwa vyovyote vile chanzo ni kimoja: watu wanamwaga maganda na mabaki ya jikoni, hakuna anayeleta majani makavu. Vijidudu vinavyoozesha hupenda kaboni, iliyojaa kwenye makavu, sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu 1 ya nitrojeni, inayotoka zaidi kwenye mabichi. Kwa mkono, hiyo ni kama ndoo mbili au tatu za makavu kwa moja ya mabichi. Chukua konzi moja, ikamue: iwe kama sponji iliyokwisha kukamuliwa, tone moja au mawili, basi.

Rundo lifike kama mita moja kila upande, vinginevyo halishiki joto. Katikati lipande nyuzi 55 au zaidi likae hivyo siku kadhaa, kisha mligeuze ili ya pembeni nayo yaingie ndani. Hapo mbegu za magugu na vimelea vingi hufa.

Harufu itapungua ndani ya siku chache. Mboji yenyewe huiva kwa miezi, na ninyi mna wiki 9. Kwa hiyo kabla hamjashika uma wa kugeuzia, ulizeni nani ataligeuza mkishaondoka. Pipa lile halikuuawa na mpini.

Jembe_Butu
Mimi ni katibu wa kikundi kama hicho, kwa hiyo nasema kutoka upande wa pili. Tumeshahojiwa, tumeshapigwa picha tumeshika karoti, ripoti hatujawahi kuiona hata moja. Wanafunzi wanakuja saa tano asubuhi, jua kali, wakati sisi kazi tumemaliza saa mbili. Mitihani ikikaribia, simu hazipokelewi. Muda wao unalipwa kwa alama, wetu unalipwa kwa "asanteni sana". Huyo mama hajawakatalia, dogo. Amewapa mtihani wa kuingilia.

Namba_Hazidanganyi
Msimamizi akitaka takwimu, zipo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2019 walikadiria kuwa karibu asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya kuvunwa na kabla ya kufika rejareja. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wakasema mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 majumbani, migahawani na madukani. Wekeni kwenye utangulizi.

Jembe_Butu
Sawa, ila tani bilioni hazimwambii huyo mama apande lini. Nunueni mizani ya kuning'iniza na daftari. Safu nne: tarehe, kilichovunwa, kilichogawiwa au kuuzwa, kilichooza. Kila siku ya mavuno, anayefunga banda ndiye anayeandika. Mkiona kilo zilizooza zinarundikana wiki moja, jibu liko kwenye kalenda ya kupanda: wapande kwa awamu, kila baada ya wiki mbili, badala ya siku moja matuta yote.

Chaki_Nyeupe
Nimesimamia miradi hii miaka mingi. Kwa msimamizi usiende na malalamiko, nenda na swali jipya lililoandikwa: "Ni kiasi gani cha mavuno kinapotea, wiki zipi, kwa nini?" Kuna njia ya utafiti inayokubalika kabisa, utafiti-tendaji shirikishi, ambapo wanaoguswa na tatizo wanashiriki kuuliza na kupima. Mwanasaikolojia Kurt Lewin aliandika kuhusu utafiti-tendaji mwaka 1946, si jambo la kihuni. Mkibadilisha mbinu, ombeni upya kibali cha maadili mapema. Hapo ndipo miradi mingi hukwama.

Na andikeni makubaliano, ukurasa mmoja: data ni ya nani, picha zitatumika wapi, nani anasoma ripoti kabla haijawasilishwa, vifaa vinabaki kwa nani.

Shina_Moja (mleta uzi)
Mrejesho. Jumamosi tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukapalilia kwanza. Mwenyekiti alichukua dodoso, akakata kwa kalamu nyekundu mpaka yakabaki maswali 6, mawili kayaandika upya mwenyewe. Mizani inabaki kwao. Tumewaleta pia wawili wa mwaka wa kwanza wajuane na kikundi kabla sisi hatujaondoka. Majani makavu tumeokota viroba 8, na harufu, kusema kweli, bado ipo.

Msimamizi amekubali swali jipya, ila anasema daftari lenye miandiko ya watu sita haliwezi kuwa kiambatisho, tulinakili upya "kwa usafi" tumpe. Limewahi kumkuta mtu hili?

Chaki_Nyeupe
Mpe jedwali safi, na picha ya kila ukurasa. Daftari lenyewe msilitoe bandani.