Kumwongezea muda mshauri msimamizi wa ujenzi wa gereza

Mkaazi wa Malindi: Assalaam aleikum. Iwapo mkataba wa mshauri anayesimamia ujenzi wa mabweni ya gereza unakaribia kuisha, ilhali kuta zimefika kwenye linta (boriti ya juu ya milango na madirisha) tu, je, yafaa aongezewe muda bila zabuni mpya?

Mhandisi, Lamu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Yafaa. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Kenya ya mwaka 2015 kinamruhusu afisa mhasibu (mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake) kuidhinisha nyongeza ya muda kwa pendekezo la kamati ya tathmini, mradi ombi liambatane na barua ya sababu. Na mabadiliko yote ya mkataba kwa jumla yasipandishe bei yake ya awali kwa zaidi ya asilimia 25.

Mkaguzi: Barua hiyo isomwe kwa makini. Ikiwa aliyechelewesha ni mkandarasi, kwangu si haki umma ubebe gharama ya usimamizi wa ziada.