Kipimo kimoja cha haraka si ruhusa ya kuja kukohoa kwenye vikao vya watu

Wakuu, uzi huu ni wa malalamiko na sitalainisha maneno.

Vipimo vya korona vipo, barakoa za maana zipo, chanjo zipo, na elimu imetolewa tangu 2020. Bado mtu anaamka koo linawasha na mafua yananyemelea, anajipima mara moja, anaona mstari mmoja, yaani hasi, anaondoka kwenda kazini. Anakaa saa nzima kwenye chumba kilichofungwa madirisha. Jirani yake ni mjamzito, wa mbele yake anatumia dawa zinazoshusha kinga. Baada ya siku mbili anajipima tena, mistari miwili, yaani chanya. Ukimuuliza anakuja juu: "Mimi nilipima bwana!" Ulipima lini, kwa namna gani, na ulirudia? Hapo kimya. Gharama wanabeba wazee, wenye kisukari na watoto wenye pumu.

Kipimo cha haraka kinatafuta protini ya kirusi, na lazima protini hiyo iwe nyingi ndipo mstari uonekane kwa macho. PCR, kile kipimo cha maabara, inazidisha vinasaba vya kirusi mara nyingi mno kabla ya kutoa jibu, kwa hiyo inanasa hata kidogo. Cha haraka hakizidishi chochote. Ulichokwangua puani ndicho kilichopo.

Sasa, tangu aina ya kirusi iitwayo Omicron iingie mwishoni mwa 2021, karibu kila mtu ana kinga fulani, ama ya chanjo au ya kuugua huko nyuma. Kinga hiyo inashtuka mapema. Koo linawasha, kichwa kinagonga, mwili unauma, wakati kirusi hakijajaa puani. Mara nyingi kinafikia kilele siku ya tatu au ya nne ya dalili. Mtu anayejipima siku ya kwanza na kuishia hapo amepima kabla ya wakati, kisha anatembea na jibu hilo kama cheti. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilisema wazi mwaka 2022: mwenye dalili apime angalau mara mbili, saa 48 kati ya kipimo na kipimo. Asiye na dalili lakini alikaa na mgonjwa, angalau mara tatu, kila baada ya saa 48. Ni zaidi ya miaka mitatu sasa, na bado watu wanapima mara moja!

Na hata hiyo mara moja wanaiharibu. Nitaeleza hatua kwa hatua, kwa sababu makosa ni yaleyale kila siku.

Pakiti ikiwa imekaa kwenye gari juani, itupe. Vingi vinatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30, na joto linaua kingamwili zilizopakwa kwenye kile kikaratasi cha ndani. Ikitoka kwenye friji, iache ipate joto la chumba kwanza. Mfuko wa kipimo usifunguliwe mpaka uwe tayari, maana kikaratasi kinafyonza unyevu wa hewani.

Penga kamasi kwanza. Osha mikono. Ingiza kijiti cha pamba kama sentimita 2, kikandamize kwenye ukuta wa pua, kizungushe taratibu angalau mara tano, takriban sekunde 15. Kisha pua ya pili kwa kijiti kilekile. Wengi wanagusa vinyweleo vya mlangoni kwa sababu wanaogopa kupiga chafya. Pale hapana kitu. Kijiti kikitoka kikavu, hujapima.

Kwenye kichupa chenye kimiminika, koroga kijiti huku umebana kuta za kichupa kwa vidole, muda ule ulioandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Unapokitoa, kikamue kwa kubana kichupa, maana sehemu kubwa ya sampuli imebaki kwenye pamba. Weka kipimo mahali tambarare. Dondosha matone kamili yaliyoandikwa. Kuna vya matone 3, kuna vya matone 4. Ukipunguza, kimiminika hakifiki mwisho. Ukizidisha, kinafurika na mistari inavurugika. Tone lenye povu si tone.

Soma ndani ya muda ulioandikwa, mara nyingi dakika 15 hadi 30. Usisome dakika ya tano ukasema hasi, wala usiokote kipimo kwenye taka jioni ukakisoma upya. Mstari wa C, ule wa kuonyesha kipimo kimefanya kazi, usipotokea, kipimo ni kibovu, anza upya na kingine. Na hili watu wananichosha nalo: mstari wa T, ule wa kirusi, ukiwa hafifu, hata wa kuinamisha kichwa kwenye mwanga ndipo uuone, HIYO NI CHANYA. Hakuna chanya ndogo. Acheni kupiga picha na kuulizana kwenye makundi kama kweli kuna mstari.

Kipimo cha pua msikimwagie soda au juisi ya ndimu "kukijaribu". Asidi inavuruga kemia ya kikaratasi na mstari wa T unatokea bila kirusi chochote, kisha mtu anasambaza video kwamba vipimo ni uongo. Anayefanya hivyo anapotosha watu kwa makusudi.

Waajiri nao wasikilize. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilibadilisha mwongozo Machi 2024, na nchi nyingine zililegeza zamani. Mabosi wamesoma nusu ya kwanza tu: mtu akipata nafuu na homa ikiisha kwa saa 24 bila dawa ya kushusha homa, anaweza kurudi. Nusu ya pili wameifumbia macho. Inasema kwamba kwa siku 5 zinazofuata achukue tahadhari za ziada: barakoa, hewa safi, umbali, kupima kabla ya kukaa na watu ndani. Mwongozo ule unategemea nusu hizo zote mbili. Mtu anaweza kuendelea kuambukiza baada ya siku ya tano, wengine hadi ya nane au ya kumi, na dalili zikiwa zimeshapoa. Wewe bosi unayemlazimisha arudi bila barakoa unatengeneza wagonjwa wengine wanne wa wiki ijayo, kisha utalalamika kazi zimelala.

Sasa suala la hewa, ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Machi 2020 Shirika la Afya Duniani liliandika kwa herufi kubwa kwamba kirusi hiki hakisambai kwa hewa. Wanasayansi walipinga mwaka uleule. Taarifa zilirekebishwa polepole mwaka 2021, na ilifika Aprili 2024 ndipo shirika likatoa ripoti ya istilahi inayokubali kwamba chembe za kupumua, kubwa kwa ndogo, husafiri hewani. Hasara ya kauli ile ya kwanza ipo hadi leo. Taasisi zinanunua vitakasa mikono kwa madumu na vioo vya kaunta, halafu chumba cha mikutano madirisha yamepigiwa misumari! Kunawa mikono ni kuzuri kwa magonjwa mengi. Lakini hiki kinaelea kama moshi wa sigara, na hakuna anayezuia moshi kwa kunawa.

Na kiyoyozi cha ukutani kile cha kawaida hakileti hewa mpya. Kinavuta hewa ya chumba, kinaipoza, kinairudisha ileile. Ubaridi si usafi.

Kama mnataka ushahidi, pimeni hewa ya ukaa. Nje ni kama 420 hadi 430 kwa kila chembe milioni. Pumzi inayotoka kinywani ina karibu 40,000. Kwa hiyo kifaa kikisoma 1,600 chumbani, takriban asilimia 3 ya kila pumzi unayovuta imeshapita kwenye mapafu ya mtu aliyemo humo. Lengo la kuridhisha ni kubaki chini ya 800. Nunueni kifaa chenye kihisi cha mwanga wa infraredi, NDIR. Vile vya bei rahisi mno vinakisia tu kutokana na harufu na mvuke. Kirekebishwe nje kwanza. Kiwekwe usawa wa watu waliokaa, mbali na dirisha na si mbele ya mdomo wa mtu. Nyongeza muhimu: mkiwa na mashine ya kuchuja hewa, namba hiyo haitashuka ingawa virusi vimepungua, kwa sababu chujio halikamati gesi. Msije mkaitupa mashine mkidhani haifanyi kazi.

Hesabu ya mashine yenyewe ni ya darasa la sita. Chumba cha mita 5 kwa 4, kimo mita 2.7, ni mita za ujazo 54. CDC tangu Mei 2023 inashauri kulenga angalau mabadiliko 5 ya hewa kwa saa. 54 mara 5 ni 270. Basi mnahitaji mashine inayotoa mita za ujazo 270 za hewa safi kwa saa. Tatizo ni kwamba namba ya kwenye boksi ni ya kasi ya mwisho, na kasi ya mwisho inapiga kelele, kwa hiyo mtu anaishusha hadi ya kwanza na anabaki na sehemu ndogo tu ya uwezo. Nunueni yenye uwezo mara mbili, mwiendeshe polepole. Mashine za ayoni na ozoni achaneni nazo. Ozoni inaunguza njia ya hewa.

Kisichohitaji bajeti kubwa: feni ya boksi ya inchi 20, machujio manne ya daraja la MERV 13 (kipimo cha uwezo wa chujio kukamata chembe), utepe wa gundi, na kadibodi ya chini. Machujio yasimame kuwa kuta nne, mishale ya hewa ikielekea ndani, feni juu ikipuliza kwenda juu. Ziba kila mshono. Kisha kata kadibodi yenye tundu la duara ufunike pembe za feni, maana bila kifuniko hicho hewa inarudi kinyume kupitia pembeni na nguvu inapotea. Ubunifu huo ulitoka kwa Richard Corsi na Jim Rosenthal mwaka 2020. Shule ngapi zimejenga hata moja?

Barakoa. Ya upasuaji ile ya bluu ina mapengo mashavuni, na hewa inapita kwenye pengo. Tafuteni N95, inayokamata angalau asilimia 95 ya chembe za majaribio, au FFP2 ya Ulaya, angalau asilimia 94. Mikanda miwili ya kichwa inabana kuliko ya masikio. Waya wa pua ukunjwe kwa vidole vya mikono miwili. Ukibana kwa mkono mmoja unaweka kona kali na hewa inatoroka pembeni ya pua. Pumua kwa nguvu: ukihisi upepo machoni au miwani ikijaa ukungu, haijakaa. Ndevu zinavunja muhuri. Na msizifue wala kuzipulizia spiriti! Nyuzi za ndani zinakamata chembe kwa chaji ya umeme, na spiriti au sabuni inaifuta chaji hiyo hata kama kitambaa kinaonekana kizima.

Kuhusu dawa nitakuwa mfupi, lakini kuna jambo linaua watu. Deksamethasoni, dawa ya steroidi, ilithibitika mwaka 2020 kuokoa wagonjwa waliohitaji oksijeni. Waliokuwa hawahitaji oksijeni haikuwasaidia, na kuna dalili iliwadhuru. Mtu anayeimeza nyumbani siku ya pili ya homa anashusha kinga yake wakati kirusi kinapanda, na sukari inapanda nayo. Antibiotiki haziui virusi. Paxlovid, vidonge vya kupambana na kirusi chenyewe, ni kwa walio hatarini, ianzwe ndani ya siku 5 tangu dalili, na mwenye tatizo la figo anapunguziwa dozi. Inagongana na rifampisini ya kifua kikuu, baadhi ya dawa za lehemu, za kifafa na za kuzuia damu kuganda. Mpeni daktari orodha yote ya dawa mnazotumia.

NYONGEZA: Kwa mdau aliyeandika kwamba korona "ilitangazwa imeisha": kilichomalizika tarehe 5 Mei 2023 ni hadhi ya dharura ya kimataifa. Siku ileile Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba kirusi bado kinaua na bado kinabadilika. Ndiyo maana chanjo zimeendelea kubadilishwa kufuata aina mpya: XBB.1.5 mwaka 2023, kisha JN.1 na KP.2 mwaka 2024.

NYONGEZA 2: Dada aliyeuliza kuhusu kumuuguza mama mkwe nyumba moja, pole sana. Chumba chake mlango ufungwe, taulo chini ya mlango, dirisha wazi na feni dirishani ikipuliza kwenda NJE, ili hewa ya ukumbini iingie kwake na yake isije kwenu. Wewe vaa barakoa kabla ya kufungua mlango, uivue ukiwa umeshatoka na kufunga. Mpime oksijeni ya kidoleni akiwa amekaa kimya dakika 5, mkono wa joto, kucha bila rangi, na usubiri namba itulie. Chini ya 94 piga simu kwa daktari. 90 kushuka, hospitali mara moja. Kama ngozi yake ni nyeusi, jua kwamba kifaa kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo akihema haraka au akichanganyikiwa usisubiri namba ishuke.