Vipimo vya kelele na vipimo vya masikio: nani avikutanishe?

Afisa wa usalama kazini (swali)

Ndugu wataalamu, ninasimamia usalama katika karakana kubwa ya kukata na kuunda vyuma. Kila mwaka kampuni moja huja kupima kelele, zahanati ya nje huwapima wafanyakazi masikio, na mkaguzi wa serikali hupita kuangalia kama nyaraka zipo. Kila mmoja hufanya kazi yake kwa uangalifu na kuacha taarifa yake, lakini sijawahi kuwaona watu hao watatu wakiketi meza moja. Nina faili la desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) lisilomtaja mtu hata mmoja na faili la usikivu lisilotaja mashine hata moja, na katikati yake wapo mafundi ambao siku hizi huniomba nirudie nilichosema. Je, ushirikiano wao huanzia wapi, nani auongoze, na taarifa hizo zinaweza kuunganishwa bila kuvunja siri za wanaopimwa?

Mtaalamu wa usikivu

Swali lako limenigusa, kwa kuwa mimi niko upande wa pili wa ukuta huo. Kelele huua chembe zenye vinyweleo zilizomo katika sikio la ndani, nazo zikishakufa hazioti tena. Dalili za mwanzo huonekana kwenye masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, hasa kati ya hezi 3000 na 6000, wakati ambapo mhusika bado anazungumza na watu bila shida yoyote. Kwa hiyo mimi huweza kuuona uharibifu kabla hata mwenyewe hajautambua, ila siwezi kujua umetoka wapi, kwa sababu hakuna anayeniambia mtu huyu husimama karibu na mashine gani na kwa saa ngapi.

Naomba nikupe mfano wa jambo dogo linaloharibu kila kitu. Kanuni za Marekani zinataka kipimo cha msingi, yaani kile ambacho vipimo vyote vya baadaye hulinganishwa nacho, kifanywe baada ya saa 14 bila kelele za kazini. Mara nyingi mimi huletewa watu wanaotoka zamu wakati huo huo. Masikio yaliyochoka hutoa majibu mabaya kuliko hali halisi, na kipimo cha msingi kikiwa kibaya, vipimo vya miaka inayofuata vitaonekana vizuri hata kama usikivu unaendelea kupungua. Hakuna kifaa cha kisasa kinachoweza kurekebisha kosa hilo; linarekebishwa na msimamizi wa zamu anayezungumza na muuguzi kabla ratiba haijapangwa.

Kuhusu siri, mhandisi hahitaji majina. Mpe hesabu ya kila sehemu ya karakana: kati ya waliopimwa, ni wangapi ambao usikivu wao umeshuka kwa wastani wa desibeli 10 au zaidi kwenye hezi 2000, 3000 na 4000 tangu kipimo chao cha msingi. Sehemu yenye watu watatu tu uiunganishe na jirani yake, kwani hesabu ya watu watatu ni sawa na kuwataja.

Mhandisi wa udhibiti wa kelele

Ninakubaliana na aliyetangulia, na ninaongeza kwamba wataalamu hawa wanaweza kukutana na bado wasielewane. Taasisi ya utafiti ya Marekani iitwayo NIOSH inapendekeza wastani usiozidi desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda hupunguzwa kwa nusu. Sheria inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini katika nchi hiyo hiyo, inaruhusu desibeli 90 kwa saa hizo 8 na hupunguza muda kwa nusu kila zinapoongezeka 5. Kwenye desibeli 95, sheria inaruhusu saa 4, ilhali pendekezo la watafiti ni kama dakika 47. Kwa hiyo taarifa ikisema kelele "inaruhusiwa", uliza inaruhusiwa kwa kipimo cha nani, na hakikisha zahanati na mkaguzi wanatumia kipimo hicho hicho.

Katika orodha yako sikumwona mtu wa ununuzi wala mtaalamu wa kemikali. Wa kwanza ndiye anayeamua kelele ya miaka kumi ijayo siku anapochagua kompresa kwa bei peke yake. Wa pili anajua kwamba toluini na stairini, zinazopatikana katika baadhi ya rangi na viyeyusho, zinaweza kudhuru usikivu, na madhara huweza kuwa makubwa zaidi zinapokutana na kelele. Ukiona sehemu ya kupaka rangi ina kelele ya wastani lakini masikio ya watu wake yanashuka, hapo ndipo mafaili yako mawili yatakuwa yamesema jambo ambalo hakuna hata moja lingeweza kulisema peke yake.

Mwakilishi wa wafanyakazi

Yote hayo ni sahihi, lakini fundi anayeogopa kuondolewa kazini atabonyeza kitufe cha kipimo hata asiposikia mlio. Mkataba Namba 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, ulilitazama jambo hili: anayeshauriwa kitabibu asiendelee kukaa kwenye kelele atafutiwe kazi nyingine inayofaa, au kipato chake kilindwe kwa njia nyingine. Mkataba huo pia unawataka waajiri wawili au zaidi wanaofanya kazi mahali pamoja washirikiane, na hilo linawagusa wakandarasi wenu, ambao nadhani hawamo katika faili lolote.

Uongozi uchukue wewe, kwa kuwa ndiye unayeshinda hapo kila siku. Usikubali, hata hivyo, bila barua ya menejimenti inayokupa uwezo wa kuitisha kikao na kusimamisha ununuzi wa mashine, maana bila barua hiyo utabaki kuwa mtunza kumbukumbu.

Afisa wa usalama kazini

Nimewaelewa, na wakandarasi kweli nilikuwa nimewasahau kabisa. Barua nimeiomba leo. Muuguzi naye amekubali tubadilishe ratiba, ili kila kundi lipimwe asubuhi baada ya siku yake ya mapumziko, kabla halijaingia karakana.